Mhudumu Aliyeninyamazia

Siku niliyomwona Mhudumu mara ya kwanza, alikuwa tayari amefika katika chumba changu cha kulala. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikishona sare za shule, nikasikia kitanda changu kikilia ndani. Kumbe aliingilia mlango wa uani, maana ule wa mbele nilikuwa nimeuziba kwa cherehani. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, begi la buluu mgongoni, anavuta ukingo wa neti kuona kama umechomekwa chini ya godoro. Hakuomba radhi. Aliniuliza kama mume wangu ndiye hulala upande wa ukuta, kwa sababu upande huo neti ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

Nilikasirika. Mimi nimelelewa kwamba chumba cha kulala ni siri ya wenye nyumba, hata shemeji haingii. Lakini kabla sijapata neno la kumfukuza nalo, alikuwa ameifungua neti, ameikunja na kuniwekea juu ya cherehani.

"Si wewe ni fundi?" akasema. "Basi anza na yako."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kushona neti za mtaa wetu mzima wa Tuwan bila kuiomba. Sijui alizaliwa kijiji gani wala alikuwa binti wa nani, na katika miaka kumi na miwili ya kujuana naye sikuwahi kuuliza. Naandika ninayoyajua. Naandika pia kwa sababu nilimkosea, tena vibaya, na kosa lenyewe halikuishia kwake.

Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mmoja wa wale wanaopewa begi, daftari na nyumba za kutembelea, na shukrani wanaahidiwa kila mwaka. Usoni tulimwita Daktari. Akiwa hayupo tulimwita Mhudumu, na wengine walimwita majina ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuulizwa na jirani kama jana amelala ndani ya neti au nje. Yeye aliuliza hata kanisani, kwenye foleni ya kutoka, huku amekushika mkono wa salamu na hauachi mpaka umjibu.

Alikuwa mwoga wa damu. Hili lilinichekesha kwa miaka. Kazi yake ilikuwa kudunga watu vidole, kudondosha tone kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki na kungoja mistari itokee, na kila mara alipodunga aligeuza uso akatazama ukutani. Watoto walimaliza kulia, wakaanza kumpa pole. Chai aliinywa na sukari ya kushangaza. Akija dukani kwangu alikaa kwenye benchi na kunitia uzi katika sindano zote, hata zile ambazo sikuzihitaji, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu na alipenda nilijue hilo.

Neti zilinichosha. Kitambaa chake ni chepesi, kinanaswa na meno ya cherehani, na ukikivuta kinararuka upya. Nilimwambia mara nyingi kwamba kazi hii hainipi hata bei ya uzi. Alisikiliza vizuri sana, kisha kesho yake akaleta nyingine tatu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa letu, mtu wa heshima, aliyemwonyesha neti mpya ikiwa bado kwenye mfuko wake kabatini. Alisema anaitunza, ni ya wageni. Mhudumu aliutazama ule mfuko.

"Mgeni gani, Mzee?" akamuuliza. "Mbu?"

Alichana ule mfuko kwa meno mbele ya mke wa mzee, akaenda kuianika neti kivulini nyuma ya nyumba ili ile dawa ya mwanzo isiwawashe ngozi, akamwambia atarudi kesho jioni kuitundika. Alirudi kweli, amebeba misumari na kamba. Hizo alikuwa akizichukua kwa mfanyabiashara mmoja karibu na msikiti, mtu wa mizaha, ambaye kila akimwona alimuuliza, "Daktari, leo unalaza nani?" Yule mzee wa kanisa hakumsalimia mwaka mzima. Lakini alilala ndani ya neti, mke wake aliniambia.

Mtu aliyempinga waziwazi alikuwa fundi wa matofali. Huyu alikuwa amechimba mashimo nyuma ya nyumba zetu, mvua ikija yanajaa, na viluwiluwi vya mbu vinacheza humo kama vimelipiwa karo. Mhudumu alimwambia afukie yale aliyomaliza kuyatumia. Fundi akacheka. "Daktari, hapa ni Kitale, bana. Hapa ni baridi. Malaria ni ya watu wa Bungoma."

"Mbu hana kitambulisho," Mhudumu akamjibu, na asubuhi iliyofuata tukamwona ndani ya shimo na jembe lake, sketi ameipandisha magotini, anafukia peke yake. Fundi alistahimili kama saa moja hivi. Kisha aibu ikamshinda, akaenda kuchukua jembe.

Lakini maneno ya yule fundi ndiyo tuliyoyaamini sote. Kitale ni juu na kuna baridi, malaria huja kwa misimu, mwaka mwingine inatugusa kidogo tu. Ukiteremka upande wa Bungoma joto linaongezeka na malaria iko mwaka mzima. Kwa hiyo sisi wa huku tuliiona kama kitu cha kule. Neti tulizopewa zilifunika vifaranga, nyingine zilizunguka miche ya sukuma wiki, na nyingine, kama ile ya mzee, zilingoja wageni. Na kila mwezi wa kumi na mbili, na kila kukiwa na msiba, familia nzima za Tuwan ziliteremka Bungoma bila chochote na kurudi na homa begini. Mhudumu alikuwa na wazimu juu ya safari hizo. Ukionekana tu na begi njiani, alikusimamisha na kuuliza neti iko wapi.

Matanga ndiyo yaliyompa taabu zaidi. Kule, mtu akifa, watu hulala nje. Moto unawashwa uani, jamaa wanaketi kuuzunguka usiku baada ya usiku mpaka mazishi yapite, na wake wa nyumba hiyo hulala chini, kwenye majani au mikeka, wamejipanga. Kukimbilia kitandani ni kumtupa marehemu. Mhudumu mwenyewe alikuwa mtu wa kule, na hilo alilielewa kuliko mimi. Hakuwaambia watu wasiende, wala wasilale nje. Aliwaambia waende na neti, waifunge kwenye mti au kwenye nguzo za hema. Mzee mmoja wa ukoo wake alimfukuza kwenye kilio fulani kwa ajili hiyo. Alimuuliza kama amekuja kulia au amekuja kupiga kambi.

Sasa niseme jambo alilonisihi nisiliseme. Wakati mmoja aliugua mgongo, nikampelekea uji. Chumba chake kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa vizuri, na neti imefungwa fundo juu, imejaa vumbi. Aliona nimeiona. Alisema akilala ndani yake anaona kama amefungwa, pumzi inakata, amejaribu miaka yote na ameshindwa. Aliyasema hayo akitazama ukutani, kama alivyofanya alipodunga vidole. Halafu akanishika mkono.

"Mama Wairimu, usiniaibishe," alisema. "Wakijua, hakuna mtu ataniskiza tena."

Nikamwahidi, na wakati huo nilimaanisha.

Wairimu ni binti yangu, wa pekee. Aliolewa na kijana wa upande wa Chwele, kule Bungoma, ingawa wote wawili wakati huo walikuwa wakiishi hapa Kitale. Wazazi wetu walitoka Mkoa wa Kati wakaja kulima na kufanya biashara huku, na kwenye mazungumzo ya posa shangazi mmoja wa yule kijana alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wetu wanajiona. Tangu siku hiyo kila nilichofanya mbele ya wale wakwe, nilikifanya huku nikimsikiliza yule shangazi.

Wairimu alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza, mama mkwe wake alipofariki. Hakukuwa na swali la kutoenda. Mhudumu alipata habari, akaja mbio mpaka kwangu, ambako Wairimu alikuwa akijitayarisha. Alikuwa na neti iliyokunjwa kwapani. Alimweleza Wairimu kwamba malaria humpata mjamzito vibaya kuliko mtu mwingine, kwamba inaweza kujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, na kwamba kule amwambie mume wake aifunge hii mahali popote, hata kwenye mti wa parachichi. Aliitia mwenyewe ndani ya begi, chini kabisa, chini ya leso. Nilimwona. Wairimu naye alimwona.

Mhudumu alipoondoka, Wairimu akaenda kuoga. Nikabaki na lile begi.

Nilifikiria binti yangu akifika kwenye kilio cha mama mkwe, wanawake wote wa ukoo wamelala chini, naye anatoa neti nyeupe kutoka mjini na kujitundikia peke yake. Nilimsikia yule shangazi vizuri kabisa. Nikaingiza mkono chini ya leso, nikaitoa, nikaitia kwenye droo ya cherehani chini ya vipande vya vitambaa. Nilijiambia ni siku chache tu. Nilijiambia yeye ni mtoto wa Kitale, ana nguvu.

Alilala kule nje siku tano. Alirudi amechoka lakini mzima, na nikajipongeza. Baada ya wiki mbili hivi homa ikaanza. Nilisema ni baridi ya Kitale, mvua zilikuwa zimeanza. Nilimpa chai ya tangawizi, nikamfunika blanketi mbili. Siku ya tatu Mhudumu alipita, akamgusa paji la uso, akafungua begi bila kuniuliza. Alimdunga akitazama ukutani. Mistari ilikuwa miwili: malaria. Hakunigombeza. Alitoka nje mwenyewe kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Wairimu alipona. Mtoto hakupona.

Ningependa kusema kwamba huzuni ndiyo iliyonifanya nitende nilichotenda baadaye, lakini ilikuwa ni hofu. Wanawake wa Tuwan walikuja kunipa pole, na mmoja, bila ubaya wowote, akauliza ilikuwaje Mhudumu, na ukali wake wote, akamwacha msichana mjamzito ateremke Bungoma bila neti. Wote wakanitazama. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wangu.

"Hakumpa," nikasema.

Baada ya hapo neno lilijiendea lenyewe. Msimamizi wa wahudumu alipokuja kufanya mkutano, niliulizwa mbele ya watu, nikalirudia, na Mhudumu akiwa ameketi mstari wa pili. Watu wachache walimtetea. Nikaona linaanza kunirudia mimi, na hapo nikafanya lile ambalo hunifanya nisimame katikati ya kazi hadi leo na kuziba uso. Nilisema kwamba hata yeye mwenyewe halali ndani ya neti, na kwamba nimeona kwa macho yangu.

Watu walicheka, na mzee wa kanisa alicheka kuliko wote. Mhudumu hakuinua kichwa. Msimamizi alipomuuliza kama ana la kusema, alisema hana.

Milango ya Tuwan ikaanza kufungwa. Akibisha, mtoto anatumwa kusema mama hayupo. Wengine walimuuliza mlangoni amelala wapi jana. Aliendelea kuzunguka na begi lake karibu mwaka mzima, akiandika kwenye daftari nyumba zilizomkataa, na kwangu alikuja kama kawaida. Hilo ndilo lililonitesa. Alileta neti zenye matundu, alikaa kwenye benchi, alinitilia uzi kwenye sindano. Tuliongea habari za bei ya mahindi kwenye masoko ya Kwanza na Moi's Bridge, za mvua, za nani amejifungua. Nilimngoja anilipukie hata mara moja tu, ili nami nipate pa kuanzia, lakini hakufanya hivyo. Mwishowe akarudisha begi, akahamia kwao Bungoma, na watu wakasema afadhali.

Ilipita miaka minne. Wairimu na mume wake walihamia Chwele kulima, na mwaka huu akanipigia simu kuniambia ana mimba tena, ya miezi minne. Nilifurahi, kisha nikashindwa kula. Sikujua kwa nini mpaka nilipojikuta nimefunga duka siku ya kazi na kuteremka Bungoma, si kwa binti yangu kwanza, bali kwa Mhudumu.

Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye gunia, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda, mabega yameshuka. Hakuonyesha mshangao. Alinisogezea sehemu ya gunia niketi, akaniuliza habari za cherehani, akamwita mjukuu wake alete chai. Chai ilikuwa na sukari ileile ya kushangaza. Niliinywa yote, kisha nikamwambia. Nilimwambia kila kitu: begi, leso, droo, mkutano. Nililia, na sikujaribu kulia kwa heshima.

Aliningoja nimalize.

"Hiyo neti niliiona," akasema. "Hata kabla ya ule mkutano, nilifungua droo yako kutafuta uzi mweusi. Ilikuwa na alama yangu ya kalamu. Nikafunga droo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, pale mkutanoni au siku nyingine yoyote, akajisafisha jina. Alichagua mawe mawili kwenye maharagwe, akayatupa.

"Ningesema, Wairimu angesikia kwa barabara kitu chenye alifaa kusikia kwa mama yake," akasema. "Nikasema wacha nikungoje. Nimekungoja sana, Mama Wairimu."

Nikamwomba anisamehe. Akasema hilo alilimaliza zamani, nisimlilie tena juu yake, maana kweli halali ndani ya neti na bado ameshindwa. Alitabasamu kidogo. Kisha akaweka ungo chini, na nilijua kwa jinsi alivyouweka kwamba bado hajasema alichotaka kusema.

"Huyo msichana alikuja hapa," akasema. "Mwaka jana. Alikuja kuniomba msamaha."

Sikuelewa. Wairimu alikuwa na kosa gani?

"Usiku wa kwanza kule matangani alitafuta neti kwa begi, akakosa. Anafikilia yeye ndiye aliitoa akipanga nguo, akaisahau kwa kitanda." Herufi za l na r zilikuwa zimeanza kumchanganyikia, kama ilivyokuwa kila alipokasirika au kuumia. "Anafikilia mtoto alikufa juu ya kusahau kwake. Na wewe, anafikilia uridanganya watu ndio wasimseme yeye. Aliniambia, mama yangu alijichafua kwa sababu yangu."

Nilimuuliza alimjibu nini.

"Sikumjibu," Mhudumu akasema. "Jibu ni lako. Na usimpigie simu. Enda."

Chwele si mbali kutoka pale. Nilifika jua likiwa bado juu. Wairimu alinikimbilia akicheka, tumbo limeanza kuonekana, akaniuliza mbona sikusema nakuja, angechinja kuku. Nikamwomba aketi. Tuliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, na kabla hajaanza kuniuliza habari za nyumbani, nikamwambia: "Ile neti hukuisahau, mama. Niliitoa mimi, ulipokuwa unaoga."

Nilitamani apige kelele, niliyazoea makelele yake tangu utotoni. Aliuliza neno moja tu, "Wewe?" nikasema ndiyo, mimi. Akainuka, akajishika kiuno kama wafanyavyo wajawazito, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia komeo.

Nilibaki pale kwenye ngazi mpaka mkwe wangu akarudi kutoka shambani. Alizungumza na mke wake dirishani, akarudi kwangu ametazama chini, akaniambia kwa upole kwamba kwa sasa hataki kuniona. Nilikuwa najifunga leso niondoke simu ilipolia. Alikuwa Mhudumu.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amejifungia. Naenda zangu."

"Wapi? Wewe lala huko huko," akasema. "Asubuhi akifungua mlango, akukute."

Mkwe wangu alinitandikia mkeka jikoni, kile kijumba kilichoegemea ukuta wa nyumba, akaniletea blanketi na kuomba radhi kwamba neti wanayo moja tu. Nikamwambia asijali. Mbu walianza hata kabla ya giza kuingia vizuri. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia binti yangu akilia, kisha nikasikia kitanda kikilia, na mume wake akimwambia polepole aingie ndani ya neti, aichomeke vizuri. Akaingia.